Mfumo ‘imara’ au ‘tulivu’? Funzo kutoka kwa mbweha aliyegeuzwa kicheche

Neno ‘kivinjari’ limetokana na kitenzi ‘vinjari’, yaani kuzungukazunguka ukichungulia huku na kule. Ni jina linalokifaa chombo cha kutembelea intaneti, maana hakitulii. Hebu basi tutazame yaliyokipata kilipotiwa katika mfumo unaojivunia kutulia.

Mfumo wenyewe ni Debian, mmojawapo wa mifumo mikongwe ya Linux, ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka wa 1993. Toleo lake rasmi huitwa ‘stable’, nasi hukimbilia kusema ‘imara’. Mimi sikubali. Imara ni kitu chenye nguvu. Debian wao humaanisha kisichobadilika: programu ikishaingia na namba yake, hukaa na namba iyo hiyo kwa takribani miaka miwili, hadi toleo lifuatalo. Kasoro ya usalama ikigunduliwa, kiraka hutolewa katika programu mpya kikashonwa kwenye ile kuukuu. Huo ni utulivu.

Viraka hivyo ndivyo vilivyozua kisa cha jina. Mwaka wa 2006, Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, walishikilia kwamba anayetumia jina lao atumie na nembo yao, tena mabadiliko yake wayaidhinishe wao. Nembo haikuwa na leseni huru, nao Debian hawakutaka kuombaomba ruhusa. Wakakibatiza kivinjari upya: Iceweasel. Mbweha wa moto akawa kicheche wa barafu! (Wajuzi watasema Firefox ni jina la panda mwekundu. Sawa, lakini kwenye nembo tunaona mbweha.)

Utulivu ulitikisika mwaka wa 2011. Squeeze, toleo la Debian lililotoka Februari, lilikuja na Iceweasel 3.5. Mwaka huohuo Mozilla wakaanza kutoa Firefox mpya kila baada ya wiki sita hivi, na kufikia Desemba walikuwa namba 9. Sasa mtumiaji wa Debian afanyeje? Wapo waliochomoa kivinjari kipya kutoka matawi ya majaribio. Kikaja kikiburuta maktaba za msingi za mfumo mzima, na mwishowe kompyuta haikuwa tulivu wala mpya. Debian wenyewe huliita zao hilo FrankenDebian, kwa kumkumbuka Frankenstein na kiumbe chake cha kuungaunga. Wenye subira walitegemea ‘backports’, hazina ambamo programu mpya hujengwa upya ili ikubaliane na maktaba za zamani.

Mnamo Juni 2013, Debian walisalimu amri. Kushona viraka kwenye kivinjari kikongwe kulikuwa kumewashinda, hivyo wakaamua kuingiza katika toleo tulivu Firefox za ESR, zile zinazotunzwa kwa muda mrefu, ambazo Mozilla walizianzisha mwaka wa 2012. Yaani kivinjari kiliruhusiwa kubadilika ili mfumo ubaki salama. Anayeng’ang’ania ‘imara’ atatueleza vipi hapo?

Mwaka wa 2016 ugomvi wa jina nao ukaisha, Firefox akarejea, na kicheche akastaafu. ESR ndiyo huja na Debian hadi leo. Na asiyetosheka nayo, tangu Januari 2024 anaweza kuongeza hazina ya Mozilla yenyewe kwenye orodha ya ‘apt’, akapata Firefox mpya kabisa bila kuzigusa maktaba za mfumo.