Kabla Hujaweka Turbo Kwa Probox, Soma Historia ya Safari Rally

Probox ya binamu yangu ilinoki ikipanda kutoka Kamburu kuja hapa Kivaa. Ilikuwa na abiria wanne na magunia mawili ya ndengu. Ulianza mlio kama mtu anagonga sufuria kwa nyundo, ukafuata moshi, kisha kimya. Wiki tatu kabla ya hapo fundi mmoja alikuwa amemfungia turbo, kwa pesa za mkopo wa chama. Mkopo bado analipa. Gari iko juu ya mawe.

Siku ilipofungwa hiyo turbo, mimi ndiye nilishika simu nikarekodi. Mliipenda sana ile video, na wengine mkauliza bei. Kwa hivyo hii posti ni deni langu kwenu.

Wasee, tunaongea kana kwamba kuongeza injini ndogo nguvu kulianza na TikTok. Kenya tuko kwa hii mambo tangu Safari Rally ianze 1953, ikisherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Mwaka uliofuata, Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda na Volkswagen, ile ya silinda nne inayopozwa na hewa tu. Haikuwa na nguvu ya kutisha mtu. Ilifika.

Halafu kuna Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa jina kubwa. Mwaka 1965 alishinda na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 ambayo haikuwa hata mpya. Mwaka 1974 akarudi na Mitsubishi Lancer 1600 GSR: silinda nne, lita 1.6. Nyuma yake, nafasi ya pili, alikuwa Björn Waldegård na Porsche 911 ya silinda sita. Fikiria hiyo. Mwaka 1976 Joginder akashinda tena, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za kwanza.

Sasa, injini ni pampu ya hewa. Ukitaka nguvu zaidi, uipe hewa nyingi zaidi, uibane zaidi, au uizungushe haraka zaidi. Enzi za kabureta mafundi walifanya yote matatu: wakaongeza kabureta, wakalainisha njia za hewa kwenye silinda hedi, wakabadilisha kamshafti. Lakini kila nguvu unayoongeza inakuja na joto lake, na joto halisamehi. Ndiyo maana gari ya Safari ilitengenezwa yote: ipoe, ichuje vumbi, ivumilie mashimo, isimame ukikanyaga breki. Nguvu ilikuwa sehemu moja tu ya kazi.

Kama unabisha, angalia 1993. Subaru ilileta Safari kagari kanaitwa Vivio. Injini yake ni cc 658, ndogo kuliko za pikipiki kadhaa, lakini ina silinda nne na kifaa cha kusukuma hewa kinachozungushwa na mkanda. Colin McRae alikakimbiza kwa kasi iliyowashangaza wenye magari makubwa, kisha kakaharibika. Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alikuwa na Vivio kama hiyo hiyo. Yeye aliendesha akiisikiliza. Alimaliza wa 12 kwa jumla na kushinda daraja lake. Gari ni moja na barabara ni moja, lakini mmoja alifika na mwingine hakufika.

Mtaniambia mshindi wa mwaka huo, Juha Kankkunen, alikuwa na Toyota Celica yenye turbo. Ni kweli, na ilikuwa silinda nne pia. Lakini injini ile ilizaliwa na turbo. Kiwandani walipunguza mgandamizo wake mpaka chini ya 9 kwa 1, ili hewa ya ziada ipate nafasi. Injini ya 1NZ iliyo kwenye Probox imebana tayari, 10.5 kwa 1. Ukiisukumia hewa ya turbo bila kubadilisha pistoni, bila kuongeza mafuta, bila kurekebisha kompyuta yake, petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Huo ndio mlio wa nyundo tuliousikia pale mlimani. Pistoni ilitoboka.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: sisi tunaanza mwisho. Tunanunua kelele kwanza, halafu nguvu, na breki tunazikumbuka tukiwa kwa mtaro. Wazee wa Safari walianza na kufika. Kama una Vitz, Demio au Probox na unawashwa mikono, anza na radieta safi, oili nzuri, plagi, breki na tairi. Toa uzito usiohitajika. Ukimaliza hapo, tafuta fundi atakayekuonyesha kwa karatasi mgandamizo wa injini yako kabla hajashika spana. Akikuambia "usijali, hii kitu inashika tu," ondoka na gari yako.

Ile video nimeifuta. Binamu anatafuta injini ya mtumba, ya kawaida, bila turbo, na nusu ya bei yake nitatoa mimi. Siku itakayopanda tena kutoka Kamburu na abiria wanne na magunia yao, nitarekodi. Sijui kama mtaipenda, lakini itafika.