Mei Mosi: Jua haya kabla hujatoka kwenda maandamanoni

Kila Mei Mosi kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni sherehe rasmi ya Siku ya Wafanyakazi: vyama hupita na mabango yao, viongozi huhutubu, na watu husubiri kusikia kama kima cha chini cha mshahara kitaongezwa, kama ilivyokuwa mwaka 2022 ilipotangazwa nyongeza ya asilimia 12. La pili ni maandamano ya wanaoona hotuba hazitoshi, iwe ni kwa sababu ya ajira, gharama ya maisha au mambo ya bandari.

Kwa watu wa Mombasa hili si jambo geni. Januari 1947, wafanyakazi wa bandari, reli, mahoteli na wa majumbani waligoma kwa pamoja na kufanya mikutano yao Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo na kupelekwa kizuizini Kabarnet. Mwaka 2019 wakazi waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu wakipinga agizo la mizigo kusafirishwa kwa reli ya SGR, wakisema linaua kazi za malori na biashara za mji.

Sherehe, maandamano na mgomo

Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wakuu wa serikali, kwa amani na bila silaha. Mgomo ni haki nyingine, iliyo katika Ibara ya 41, na una utaratibu wake: sheria inataka notisi ya maandishi ya siku 7 kabla ya wafanyakazi kuweka chini vifaa. Kwa hivyo, kama Mei Mosi uko zamu hotelini au bandarini, usidhani kwamba kuacha kazi ukafuate maandamano kutahesabiwa kuwa mgomo halali. Zungumza kwanza na mwakilishi wa chama chako kazini.

Utapataje habari ya kweli

Siku hizi bango husambaa kwenye simu kwa dakika chache, na mengine ni ya mwaka jana yaliyobadilishwa tarehe tu. Kabla hujamtumia mwenzako, hakikisha una majibu ya maswali haya:

1. Nani ameitisha? Pawe na jina la chama, kundi au mtu anayejulikana. Kama ni chama cha wafanyakazi, uliza ofisi ya tawi lake. Bango lisilo na mwenyewe liache.
2. Wanakutana wapi, saa ngapi, na wanaishia wapi? "Tukutane mjini" haitoshi.
3. Wanadai nini, na wanampelekea nani? Maandamano yenye barua ya madai huwa na mahali pa kuifikisha.
4. Polisi wamepewa taarifa?

Taarifa si ruhusa

Swali la nne ndilo linalowaponza wengi. Husemwa kwamba maandamano "yameruhusiwa" au "yamenyimwa kibali". Sheria ya Utulivu wa Umma haizungumzii kibali, inazungumzia taarifa. Mwandaaji anatakiwa kumwandikia mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo, yaani OCS, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya siku yenyewe. Humo anaandika jina lake kamili na anwani, tarehe na saa, na mahali pa mkutano au njia itakayopitwa. Saa ziwe kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Mwandaaji pia anatakiwa awepo mwanzo hadi mwisho na asaidie kulinda amani. Polisi wanaweza kumwambia achague siku au mahali pengine ikiwa mwingine ametangulia kutoa taarifa ya siku, saa na mahali hapo hapo.

Jambo hili lamhusu hata anayefuata tu. Mkusanyiko usio na taarifa unaweza kuitwa haramu, na anayeshiriki akajikuta na kesi. Muombe mwandaaji akuonyeshe nakala iliyopigwa muhuri na kituo.

Siku yenyewe

Nenda na mtu unayemjua, na nyumbani waambie mnapita njia gani na mnatarajia kurudi saa ngapi. Beba kitambulisho, maji na dawa zako kama unazo. Andika nambari mbili za simu kwenye karatasi, maana simu inaweza kupotea. Usibebe kisu wala rungu, hata kama ni cha kazi yako. Anayeishi ng'ambo ya Likoni afikirie mapema atarudi vipi iwapo kivuko kitasongamana. Mei Mosi ikiwa Ijumaa, mwandaaji azingatie wakati wa swala, msafara usije ukazuia njia za misikitini. Ukiona watu wameanza kurusha mawe au kuvunja maduka, ondoka.

Ukikamatwa

Ibara ya 49 inakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoifahamu, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili. Unatakiwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini angalia kalenda: saa hizo zikiisha siku ambayo korti imefungwa, muda husogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Aliyekamatwa Mei Mosi ya Ijumaa anaweza kukaa seli hadi Jumatatu. Ndiyo maana nyumbani wanatakiwa kujua mapema.

Waliobaki waandike jina la kituo, saa ya kukamatwa na, ikiwezekana, nambari ya gari la polisi. Mombasa, mashirika kama MUHURI na HAKI Africa hufuatilia kesi za namna hii. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia. Picha na majina ya mashahidi vihifadhiwe siku hiyo hiyo, kwani baada ya wiki moja ni vigumu kuwapata.