Upasuaji wa konea

Upasuaji wa konea ni tiba ya kurekebisha au kubadilisha konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ili mtu aone vizuri. Konea haina mishipa ya damu, na katikati unene wake ni takribani nusu milimita. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu ulifanywa na Eduard Zirm mjini Olomouc mwaka 1905. Daktari hukata duara lenye kovu, la milimita 7 au 8 hivi, kisha hushonea mahali pake konea ya marehemu kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele. Nyuzi huweza kukaa mwaka mzima. Upasuaji wa leza, unaochonga konea ili mtu aache miwani, ni wa wenye fedha mijini.

Huko Biliqo, makazi ya wafugaji Waborana upande wa Merti, kaunti ya Isiolo, suala ni jingine. Isiolo ni miongoni mwa kaunti za Kenya zenye historia ya trakoma, ugonjwa wa macho. Bakteria wake huenezwa na uchafu wa macho kupitia mikono, nguo na nzi. Maambukizi yakirudiarudia, ukope hupata kovu ndani na nywele zake hugeuka kuikwaruza konea kila mtu apepesapo. Kupandikiza konea kwenye jicho kama hilo mara nyingi hushindikana. Kinachofaa ni kuugeuza ukope mapema, kazi fupi ya ganzi inayoweza kufanyika hata katika zahanati, pamoja na dawa ya azithromaisini na maji ya kunawa uso. Maji hayo ndiyo adimu pale mto Ewaso Ng'iro unapokauka.