Silabi, Mkazo na Tahajia ya Majina Ambatani ya Kihaya: Kyamutwara na Kianja

Majina ya falme za kale za Buhaya yamebeba historia ambayo hati za utawala hazikukusudia kuieleza. Kyamutwara, upande wa Bukoba, huandikwa pia Kyamtwara na Kiamtwara. Kianja huandikwa pia Kyanja. Tofauti hizi si uzembe wa makarani tu, kwani kila tahajia ni uchanganuzi wa silabi za jina.

Kimuundo, Kyamutwara laweza kugawanywa kuwa kya-, yaani a-unganifu ya ngeli ya 7, na Mutwara. Katika Kihaya, irabu ya ki- hugeuka kiyeyusho mbele ya a, na irabu inayofuata hurefushwa. Hivyo silabi ni nne: kya-mu-twa-ra. Urefu huo pamoja na toni ni sehemu ya umbo la neno. Kiswahili hakina toni, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Msemaji wa Kiswahili hukaza twa, na kiungo cha jina hubaki bila alama.

Tangu Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, Kiswahili kilizidi kuwa lugha ya utawala. Tahajia Kyamtwara inafuata kanuni yake: mu- imekuwa m-, kama omuntu wa Kihaya alivyo mtu wa Kiswahili. Idadi ya silabi haikupungua, maana m hiyo ni silabi; kilichopotea ni irabu iliyobeba toni. Kiamtwara, kwa upande wake, huzaa silabi tano kikisomwa kwa Kiswahili. Katika Kianja mkazo wenyewe huhama: kya-nja hukazwa kya, ilhali ki-a-nja hukazwa a. Hata hivyo kanuni haikutumika kila mahali: Muleba haikuwa Mleba.

Sarufi ya Kuijpers ilichapishwa mwaka 1922, uchambuzi wa Byarushengo, Duranti na Hyman mwaka 1977, na kamusi ya Muzale mwaka 2006. Maarifa hayo hayajaingia katika ramani na majalada. Mtafiti anayefuata tahajia moja pekee hukosa hati za ufalme uleule, na mwanafunzi wa Kihaya hufundishwa kulitamka jina la kwao kwa mkazo wa lugha nyingine. Kwa hiyo, usanifishaji wa majina haya hauna budi kuanzia kwenye silabi za Kihaya.