Ramani Hii ni ya Nani? Safari ya DWG, DXF na PDF

Haya, leo siasa tuziweke kando kidogo. Nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaamini ni la mafundi wa kompyuta peke yao: msanifu majengo au mhandisi akimaliza kuchora ramani kwenye kompyuta, aitume katika faili la aina gani? DWG? DXF? PDF? Au apige picha tu aitume kwa simu?

Unaweza kusema hilo halikuhusu. Subiri kwanza nikupe kisa kimoja.

Mwaka 2006 kampuni ya Airbus ilikuwa inaunda A380, ndege kubwa kuliko zote za abiria. Sehemu za ndege zilitengenezwa katika nchi mbalimbali za Ulaya, kisha zikasafirishwa hadi Toulouse, Ufaransa, kuunganishwa. Ndani ya ndege moja kulikuwa na nyaya za umeme zenye urefu wa kilomita 500 na ushee. Wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, walikuwa wanachora kwa toleo la 4 la programu iitwayo CATIA. Wenzao wa Toulouse walikuwa wamehamia toleo la 5. Jina la programu ni moja, lakini matoleo hayo mawili hayakuelewana vizuri. Nyaya kutoka Hamburg zilipofika Toulouse, nyingine zilikuwa fupi na hazikufika zilipotakiwa kufika.

Oktoba 2006 kampuni mama ya Airbus, EADS, ikatangaza kwamba ucheleweshaji huo ungepunguza faida yake kwa Euro bilioni 4.8 kufikia mwaka 2010. Wakubwa kadhaa waliachia ngazi mwaka huo huo. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa Singapore Airlines Oktoba 2007, zaidi ya mwaka mmoja nyuma ya ratiba. Sababu zilikuwa nyingi, lakini michoro isiyosomana ilikuwa mojawapo ya zile kubwa.

Sasa tukubaliane kwamba swali hili lina pesa ndani yake. Turudi nyuma tuone limetoka wapi.

Enzi za karatasi ya bluu

Kabla ya kompyuta mambo yalikuwa mepesi kuelewa. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi inayopitisha mwanga. Ule ndio uliokuwa mchoro mama, na ulikaa ofisini. Nakala zilitolewa kwa njia iliyogunduliwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1842: karatasi iliyopakwa dawa inayobadilika rangi kwenye mwanga. Mwanga ulipita juu ya mchoro, dawa ikageuka bluu, na mistari ikabaki myeupe. Nakala hizo za bluu ndizo zilizopelekwa kwa mafundi.

Angalia jinsi kazi zilivyogawanyika. Mchoro mama unabadilishwa, nakala inasomwa tu. Fundi hakuweza kuhamisha ukuta kwenye nakala yake bila kila mtu kuona. Na aliyetaka kubadilisha kitu ilibidi aende ofisini kwa mwenye mchoro mama. Hakuna aliyeuliza "fomati gani?" kwa sababu karatasi yenyewe ilishajibu.

Kompyuta inaingia

Mwaka 1963 kijana mmoja wa chuo cha MIT, Marekani, Ivan Sutherland, alionyesha programu yake iitwayo Sketchpad. Mtu alishika kalamu ya mwanga, akachora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Viwanda vikubwa vya ndege na magari vikaona faida, vikaanza kutengeneza na kununua mifumo yao. Tatizo likazaliwa hapo hapo: kila mfumo ulihifadhi mchoro kwa lugha yake. Mpaka mwaka 1980 Wamarekani wakatoa utaratibu wa pamoja wa kubadilishana michoro ulioitwa IGES. Yaani hata kabla kompyuta ndogo hazijaenea maofisini, wakubwa walikuwa tayari wanatafuta mkalimani.

Kisha ikaja 1982. John Walker na wenzake zaidi ya kumi waliunda kampuni ya Autodesk, na Desemba mwaka huo wakatoa AutoCAD. Msingi wake ulikuwa programu ya jamaa mmoja aitwaye Mike Riddle. AutoCAD haikuhitaji mtambo wa mamilioni. Ilifanya kazi kwenye kompyuta ndogo ya mezani, na ofisi ndogo nazo zikaanza kuchora kwa kompyuta.

AutoCAD ilikuja na aina mbili za faili. Ya kwanza ni DWG: dogo, linafunguka haraka, na muundo wake wa ndani haukuwekwa hadharani. Ya pili ni DXF, ambalo kazi yake ilikuwa kubadilishana na programu nyingine. DXF la kawaida ni maandishi matupu. Ukilifungua kwa programu ya kuandikia utakuta namba ya utambulisho, na chini yake thamani. Sifuri ikifuatiwa na neno LINE maana yake "hapa unaanza mstari". Namba 8 inataja jina la tabaka. Namba 10 na 20 zinasema mstari unaanzia wapi, 11 na 21 zinasema unaishia wapi. Mtu mwenye subira anaweza kuisoma ramani nzima bila programu yoyote ya kuchorea!

Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na mlango wa mwenyewe na mlango wa wageni. Ule wa wageni haukuwa mpana sana. AutoCAD ilivyozidi kuongeza vitu vipya, baadhi yake havikupita vizuri kwenye DXF. Ulituma mchoro mzuri, mwenzako akapokea mchoro uliopungukiwa.

Vita ya DWG

AutoCAD ilipoenea duniani, DWG ikawa kama sarafu: kila mtu anaidai. Lakini mwenye kiwanda cha sarafu alikuwa mmoja, na kila baada ya miaka michache alibadilisha sura yake. Ukitaka kuhakikisha, fungua faili lolote la DWG kwa programu ya kuandikia, usome herufi sita za mwanzo. AC1015 ni muundo wa AutoCAD 2000. AC1018 ni wa 2004, AC1021 wa 2007, AC1024 wa 2010, AC1027 wa 2013, na AC1032 ulikuja na AutoCAD 2018. Aliyebaki na programu ya 2004 akitumiwa faili la 2007 hafungui kitu, mpaka aliyetuma akubali kulihifadhi upya kwa muundo wa zamani. Ofisi ndogo isiyo na fedha za kununua toleo jipya ilijikuta nje ya mlango, ingawa michoro ni yake mwenyewe.

Mwaka 1998 makampuni mengine yakaunda umoja ulioitwa OpenDWG Alliance, baadaye Open Design Alliance, ili kuchunguza muundo wa DWG na kutengeneza zana za kuusoma na kuuandika bila Autodesk. Autodesk haikufurahi. Kwenye AutoCAD 2007 iliweka alama ya siri ndani ya mafaili yake, na mtumiaji alionywa anapofungua DWG iliyotoka kwa programu isiyo yake. Novemba 2006 ikaushtaki ule umoja mahakamani huko Seattle kwa kuiga alama hiyo. Kesi iliisha mwaka uliofuata, umoja ukaiondoa alama hiyo kwenye zana zake. Autodesk ikajaribu pia kuyasajili maneno DWG kuwa alama yake ya biashara, na ofisi ya usajili ya Marekani ikakataa. Leo programu nyingi zinafungua DWG, nyingine za bure. Hilo halikuja kama zawadi, watu walilipigania.

Na mchapaji je?

Kuchapa nako kuna hadithi yake. Zamani mashine kubwa ya kuchapa ramani, plota, ilikuwa na kalamu halisi zinazotembea juu ya karatasi. Kalamu namba 1 nyembamba, kalamu namba 2 nene, na kuendelea. Kwenye AutoCAD, rangi ya mstari ndiyo iliyoamua kalamu ipi ishikwe. Plota za kalamu zimekufa siku nyingi, lakini hata leo ofisi nyingi zinatumia rangi kuamua unene wa mstari. Ndiyo maana ukipeleka DWG kwenye duka la kuchapa bila faili la maelezo ya rangi hizo, kuta na vipimo vinatoka na unene mmoja, ramani nzima kama chandarua.

Si hilo tu. DWG inaweza kutegemea fonti zilizoko kwenye kompyuta ya mchoraji, na michoro mingine iliyounganishwa kwa mbali. Ikisafiri peke yake, vingine vinabaki nyumbani. Wapo waliojaribu kupeleka faili la PLT, yaani amri zilizoandaliwa tayari kwa plota. Lakini faili hilo linaandaliwa kwa aina fulani ya mashine, na kulikagua kabla ya kuchapa ni kazi.

Jibu likatoka kwa watu ambao hawakuwa wachoraji wa ramani. Mwaka 1991 John Warnock wa kampuni ya Adobe aliandika wazo la faili litakaloonekana na kuchapwa vilevile kwenye kompyuta yoyote. Mwaka 1993 PDF ikatoka. Mwanzoni hata programu ya kuisomea iliuzwa, baadaye ikawa bure, na PDF ikasambaa kama moto wa nyika. Autodesk nayo ilikuwa na faili lake la kushirikiana, DWF, dogo na zuri kwa intaneti ya kobe ya miaka ile. Lakini nani alikuwa na programu ya kulifungua? PDF ilikuwa nayo kila mtu, kuanzia waziri mpaka steshenari ya mtaani. Mwaka 2005 ikatoka PDF/A kwa ajili ya kumbukumbu za muda mrefu, na mwaka 2008 PDF yenyewe ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO, isiwe tena mali ya kampuni moja.

PDF nayo ina mtego, na mtego huo unaitwa skeli. A1 ikipunguzwa kuwa A3, kila urefu unakuwa nusu. Ramani iliyoandikwa 1:100 imekuwa 1:200, lakini maandishi bado yanasema 1:100! Mbaya zaidi ni lile chaguo la kubana mchoro utoshee karatasi. Likipunguza hadi asilimia 97, chumba cha mita 4 kinapimwa kwa rula kuwa mita 3.88. Jicho halioni tofauti hiyo, ila mlango na kabati vitaiona. Ndiyo maana ramani nzuri ina vipimo vilivyoandikwa kwa namba, na mstari wa skeli uliochorwa, ambao unapungua na kuongezeka pamoja na mchoro.

Kuhusu picha za WhatsApp, nadhani mnajua. Ikitumwa kama picha inabanwa, na namba ndogo zinageuka ukungu. Je, ile ni 3 au 8? Fundi hawezi kujenga kwa kubahatisha. Basi angalau itumwe kama faili.

Kwa hiyo tuchague nini?

Historia inatupa jibu lile lile la karatasi ya bluu: mchoro mama na nakala ni vitu viwili. Wa kuchapa na kusoma apewe PDF yenye mistari halisi, kwa ukubwa sahihi wa karatasi, ichapwe kwa asilimia 100. Mwenzako mnayechora pamoja apewe DWG, kwa toleo mlilokubaliana, pamoja na fonti na viambatanisho vyake. Mashine ya kukata kwa leza au programu ngeni ipewe DXF, kisha mkague kilichofika. Kwa kumbukumbu, hifadhi PDF/A na DWG pamoja. Na usijidanganye kwamba PDF ni kufuli: tangu mwaka 2016 AutoCAD yenyewe inaweza kuigeuza PDF ya mistari kuwa mchoro unaobadilishika.

Linabaki swali la kichwa cha habari. Wasanifu wengi hawapendi kutoa DWG, na wana hoja. Mtu akihamisha nguzo kisiri na jengo likaanguka, jina lililo kwenye ramani ni la msanifu. Tena Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda kazi za usanifu majengo. Upande wa pili yupo mteja. Amelipa, amepewa karatasi, na baada ya miaka 15 anataka kuongeza ghorofa. Ofisi iliyochora imefungwa, karatasi imeliwa na mchwa. Kila kitu kianze upya, na alipe upya.

Sioni haja ya wawili hawa kugombana. Yaandikwe kwenye mkataba kabla kalamu haijagusa karatasi: nitapewa faili gani, la toleo gani, na ninaruhusiwa kulifanyia nini? Airbus walikuwa na mabilioni ya kulipia kosa la namna hii. Wewe mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 una nini?