Ramani na Makazi: Historia ya Uidhinishaji wa Ujenzi Dar es Salaam, 1891–2007

Mamlaka ya halmashauri kupitia ramani ya ujenzi kabla msingi haujachimbwa huelezwa aghalabu kuwa ni suala la kitaalamu, linalohusu uimara wa jengo, afya ya wakazi na nafasi ya barabara. Historia ya Dar es Salaam inadhihirisha kwamba mamlaka hayo yalianza pia kama chombo cha kuamua nani aishi wapi. Insha hii inajenga hoja kwamba uhuru uliondoa lugha ya ubaguzi katika uidhinishaji wa ujenzi, lakini ukaacha kipimo chake, yaani aina ya jengo na uwezo wa mwombaji kuwasilisha ramani.

Wajerumani walihamishia makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na kanuni zao za ujenzi, kuanzia za mwaka huohuo, zilipanga mji kwa ubora wa majengo. Mgawanyo huo ulikomaa ukawa kanda tatu: nyumba za mtindo wa Kizungu upande wa bahari, majengo ya kudumu katikati, na nyumba za miti na udongo pembezoni. Waingereza waliurithi. Udhamini wa Shirikisho la Mataifa ulizuia ubaguzi wa wazi dhidi ya raia wa nchi wanachama, India ikiwamo. Kwa hiyo sheria ilitaja vifaa vya ujenzi badala ya rangi ya mtu. Matokeo yalikuwa yaleyale, na wenyeji waliyapa majina: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliitenga Kariakoo na eneo la biashara la Wahindi.

Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1956 (Sura ya 378) iliweka utaratibu wa kuomba idhini ya uendelezaji ndani ya maeneo ya mipango. Sheria hiyo ya kikoloni iliendelea kutumika, pamoja na marekebisho, kwa miongo minne na zaidi baada ya uhuru. Katika miaka ya 1960 serikali, kupitia Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa mwaka 1962, ilibomoa nyumba duni na kujenga mpya. Njia hiyo ilikuwa ghali, na nyumba zilizoongezeka zilikuwa chache kulingana na mahitaji ya mji uliokuwa ukikua kwa kasi.

Mabadiliko ya sera ya miaka ya 1970 ndiyo kiini cha hoja hii. Chini ya mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vilipimwa Sinza na Kijitonyama kabla ya ujenzi, ilhali Manzese ilipelekewa barabara na maji baada ya watu kujenga. Sinza, mpango ulitangulia nyumba. Manzese, nyumba zilitangulia mpango. Wakati huohuo, sera ya madaraka mikoani ya 1972 ilisababisha kufutwa kwa serikali za mitaa, na mamlaka za miji zikarejeshwa mwaka 1978. Hivyo, katika kipindi ambacho watu walihamia mjini kwa wingi, mji haukuwa na halmashauri yake ya kupitia maombi.

Sheria ya Mipangomiji ya 2007 ilizifanya halmashauri za majiji, manispaa na miji kuwa mamlaka za upangaji. Kwa utaratibu wa halmashauri, mwombaji huwasilisha michoro ya jengo na uthibitisho wa umiliki, na maombi hupitiwa na wataalamu wa mipangomiji, ardhi, uhandisi na afya. Utaratibu huo una mantiki, lakini unaanzia kwenye kiwanja kilichopimwa. Mkazi aliyenunua ardhi kwa hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe hana pa kuanzia. Leseni za makazi, zilizowekewa msingi na Sheria ya Ardhi ya 1999, zilitambua ukaaji wake kwa muda. Hazikuifanya nyumba yake ipitiwe kabla ya kujengwa.

Kwa hiyo, ujenzi holela hauwezi kuelezwa kwa ukaidi wa wananchi pekee. Utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya sehemu moja ya mji ulitandazwa juu ya mji mzima bila kubadilishwa mlango wake wa kuingilia. Gharama yake huangukia kwa wakazi wa nje ya mlango huo, ambao hukutana na mkaguzi kwa mara ya kwanza siku nyumba inapowekewa alama ya X.