Reclusive

Reclusive ni kivumishi cha Kiingereza kinachomweleza mtu anayejitenga na watu kwa hiari yake, akaepuka wageni, hadhara na waandishi wa habari. Hiari ndiyo kiini cha maana hiyo: mfungwa aliyewekwa peke yake haitwi hivyo, wala mzee aliyetelekezwa na wanawe. Tena mtu huyo si lazima awe mpweke. Huenda ana mwenzi na marafiki wachache wa karibu.

Asili ya neno hili ni recludere, kitenzi cha Kilatini chenye historia ya ajabu kidogo, kwani Warumi wa kale walikitumia kwa maana ya kufungua, na baadaye ndipo kikageuka kuwa kufungia. Katika Uingereza ya Zama za Kati, jina lililotokana nacho liliwahusu watawa waliojifungia maisha yao yote katika chumba kilichoshikana na kanisa. Anayejulikana zaidi ni Julian wa Norwich. Hata huyo hakukatika kabisa na watu, maana mwanamke mcha Mungu aitwaye Margery Kempe alimwendea kuomba ushauri mnamo 1413.

Leo magazeti hutumia neno reclusive hasa kwa watu mashuhuri, na mara nyingi kwa haraka mno: kukataa mahojiano tu kunatosha. Mwandishi wa Marekani J. D. Salinger, aliyehamia Cornish, New Hampshire, mwaka 1953 na asichapishe kitu baada ya 1965, hatajwi bila neno hili, ingawa majirani walikutana naye dukani. Kivumishi hiki hutumika pia kwa wanyama wasioonekana kwa urahisi, kama okapi wa msitu wa Ituri.